Bati Lililong'oka Juu ya Moto

Mwezi uliopita tulimzika Bi Tausi, Kilosa, na kwenye msiba wake nikasikia uongo ulioninyima raha wiki nzima. Tulikuwa tumekaa uani kwenye mikeka, wanawake watupu, chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha vimeshapita mara ya pili, na mazungumzo yalikuwa yameshatoka kwa marehemu yakahamia kwa mumewe, Mzee Shabani, fundi springi wa Mikumi, aliyetangulia miaka mingi. Mama mmoja wa makamo, ambaye sidhani kama aliwahi hata kumwona, akawa anasimulia jinsi mzee yule alivyopiga springi za malori akiwa kipofu kabisa. Kwamba Mungu alimwekea macho vidoleni. Kwamba alikijua chuma kilichoiva kwa kukinusa tu, na kwamba maisha yake yote halikurudi kwake gari hata moja kulalamika. Wenzake wakaguna kwa kustaajabu. Mimi nikanyamaza, maana msibani si mahali pa kubishana, lakini nilirudi nyumbani nimenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama. Nimeshafikia umri wa kuzika watu wengi, na nimegundua kuwa tukishawazika huwa hatuwaachi hivyo hivyo, tunawatengeneza upya. Mzee Shabani wa yule mama simjui. Wangu alikuwa mtu wa kuogopa, mwenye kiburi, mwenye mzaha, na gari lilirudi. Tulilirudisha sisi wenyewe, mimi na yeye, na ninataka kuandika lilivyorudi kabla sijatengenezwa upya na mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifikaje Mikumi na kwa nini ni habari ndefu isiyohusika hapa. Itoshe kusema nilishuka kutoka milimani na cherehani kichwani, cheti cha ushonaji cha shule ya misheni kifuani, na imani kubwa kwamba wanawake wote wa Mikumi walikuwa wakinisubiri mimi niwashonee. Hawakuwa wakinisubiri. Nilipanga kibaraza kando ya barabara kuu, na chumba kimoja cha uani katika nyumba ile ile, nyumba ya Mzee Shabani na Bi Tausi. Kibaraza kilikuwa kimeegemea karakana ya mzee, banda la mabati pande zote, mlango mmoja, dirisha hakuna. Ukitoka juani ukaingia mle ilikupasa usimame kwanza mpaka macho yazoee, ndipo uone nyundo ziko wapi na kipande cha reli alichokitumia kama fuawe kiko wapi. Chumba changu nacho kilikuwa na giza, na ukuta uliokitenga na chumba chao haukufika juu kwenye dari, kwa hiyo nilijua mzee anapokohoa, nilijua Bi Tausi anapokuna nazi, na walijua mimi ninapolia kwa kukosa wateja. Asubuhi moja Bi Tausi alinigongea na bakuli la uji wa mchele. "Kula, mwanangu," akasema. "Anayelia na njaa halii vizuri." Nilicheka huku pua inanitiririka, na tangu siku hiyo sikula tena peke yangu katika nyumba ile.

Kazi ya mzee ilikuwa hivi. Lori likishabeba miwa kupita kiasi kwa miezi kadhaa, yale mabamba ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine chini yake, ambayo mafundi huyaita majani ya springi, huchoka. Upinde wote unaisha, bodi inakaa karibu na matairi, na kila shimo la barabarani linamfikia dereva kwenye uti wa mgongo. Basi lori linainuliwa kwa jeki, linawekewa magogo chini ya chasisi, na vibarua wawili wananing'inia kwenye bomba refu lililochomekwa kwenye spana mpaka bolti zilizoshika kutu ziachie. Majani yakitoka yanatenganishwa mafungu mawili, ya kushoto na ya kulia, na ole wake atakayeyachanganya. Mzee alikuwa amechora kwa chaki sakafuni upinde yanaotakiwa kuufuata, na kila jani lililopigwa lililazwa juu ya mchoro ule. Mengi aliyapiga baridi, nyundo na reli, ti-ti-ti mchana kutwa, hata nikajifunza kushona kwa mapigo yake. Lakini yaliyolala kabisa yalihitaji moto, na siku ya moto aliwatoa vibarua wote nje, akafunga mlango. "Moto wangu hauna watazamaji," alikuwa akisema, na watu walidhani anaficha ujuzi.

Mimi aliniingiza kwa mzaha. Nilikuwa kwenye kibaraza changu nikipinda sketi ya shule pale alipotoa kichwa mlangoni. "Binti Yudithi, nyie washonaji si mnajua rangi? Hebu njoo tukupime." Nikaingia. Jani lilikuwa ndani ya mkaa, linawaka. "Rangi gani hiyo?" Nikamwambia damu ya mzee. "Ngoja kidogo. Sasa?" Nikasema sasa ni nyekundu, nyekundu ya nyanya mbivu. Akalichomoa hapo hapo kwa koleo, akalikandamiza lishike upinde, akalizamisha kwenye pipa la oili chafu, moshi ukajaa banda zima. "Umefaulu," akasema. Kesho yake akanipima tena, na kesho kutwa. Siku ya tatu nilichoka kupimwa, nikasema kwa utundu kwamba limekuwa la kijani, kijani kabisa kama jani la mgomba. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alisimama na koleo mkononi, uso ameuelekeza palipo na moto, na nikaona kwamba alikuwa anafikiri, kwamba kwa sekunde kadhaa mtu huyu alikuwa anajiuliza kama chuma kinaweza kweli kuwa cha kijani. "Mzee, nilikuwa natania," nikasema. "Ni damu ya mzee bado." Akaitikia kwa sauti ya kawaida, "Haya, zungusha feni." Toka siku hiyo nilizungusha kwa mkono feni ya kupulizia moto na kusoma rangi, na vibarua waliambiwa binti anasaidia kupuliza. Madereva waliosubiri nje walipokuwa wakinisikia nikisema "nyanya, nyanya!" waliuliza kama tunapika mchuzi mle ndani.

Alikuwa amefika hapo polepole. Kwanza barabara ilipotea, halafu nyuso, lakini mwanga wa moto alikuwa bado anauona, na kwa fundi springi huo ulitosha. Mwaka ule hata huo ukaondoka. Mwenyewe aliniambia kwamba ni moto umemla macho kwa kuutazama miaka mingi. Mimi sijui, siku hizi daktari angetaja kitu kingine na pengine angekitoa. Sehemu ya pili ya kazi, ya kulirudisha jani motoni taratibu ili ule ugumu ulegee na lisikatike kama kioo, haikuhitaji mtu. Alilisugua kwa kijiti kikavu, na kijiti kikianza kuteleza na kutoa moshi wenye harufu aliyoijua yeye, basi limeiva. Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya kunusa. Ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki nilikuwa mimi na feni yangu.

Bi Tausi alijua, bila shaka. Nilipoanza kula kwao niliona mambo ambayo awali niliyaona ni unadhifu tu: ugali kulia siku zote, mboga kushoto, maji mbele, kandambili kwenye kizingiti zimeelekea nje. Kama ni kambale, miiba aliitoa yeye jikoni, sahani ikaja na nyama tupu. Hakuna kiti kilichosogezwa nyumba ile. Mara moja nilisahau ndoo ya kufulia katikati ya ua, na Bi Tausi, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kuniinulia sauti, alinishika mkono kwa nguvu akaninong'oneza, "Yudithi, unataka wamjue?" Na mgeni akiingia, alimkaribisha kwa jina kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. "Aa, baba Rehema huyo! Karibu, baba Rehema!" Nikadhani ndiyo ucheshi wake. Kumbe alikuwa anamsomea mumewe watu, kama mimi nilivyokuwa nikimsomea chuma. Sote tulikuwa tunafanya jambo jema, au ndivyo nilivyoamini, na niliipenda siri ile. Nilijiona mtu muhimu. Sina haja ya kuipamba.

Kisha ukaja upepo. Ilikuwa mwishoni mwa masika, Jumanne jioni, upepo mfupi wenye hasira na mvua ya dakika kumi, ukang'oa bati moja la karakana na kulitupa kwa jirani. Lilikuwa bati la juu ya moto kabisa. Asubuhi nilipoingia nilikuta mwanga umemwagika mle ndani, na kwa mara ya kwanza niliiona karakana ile yote, buibui, misumari, michoro ya chaki ya miaka mingi iliyopandana sakafuni. Nilifurahi. Siku zote nilikuwa nikimwambia mzee atoboe dirisha, naye siku zote alikuwa akijibu "acha hivyo hivyo" bila kunieleza sababu. Nikaona nikimwambia ataleta fundi wa kulirudisha bati na giza lirudi nalo, nami macho yaliniuma kwa giza lile. Kwa hiyo sikumwambia. Yeye aliusikia upepo, aliuliza kama kuna kilichoharibika, nami nikamwambia, "Kidogo tu, Mzee, tutaparekebisha." Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu. Nimeikumbuka maisha yangu yote.

Jumatano hiyo lori la Damiani lilikuwa juu ya magogo. Damiani alikuwa dereva wa Ruhembe, kijana mwenye sauti kubwa, anayebeba miwa wiki nzima na kubeba watu siku za mapumziko, na springi zake zilikuwa zimelala kiasi kwamba nyundo baridi haikuwa na la kuzifanya. "Nizipate leo leo, Mzee wangu," akasema. "Jumamosi nina arusi. Nawapeleka wa bwana arusi Kilangali, watu thelathini na zaidi, na kule kwenye makorongo sitaki kuzaliwa upya." Tukafunga mlango, tukawasha. Nilizungusha feni, nikasoma. Damu ya mzee. Bado damu ya mzee. Bado. Nilisoma kwa uangalifu kuliko siku zote, kwa kuwa sasa nilikuwa ninaona vizuri, na kila jani lilinichukua muda mrefu kufikia nyanya. Mzee alijifuta jasho. "Leo mkaa wetu mvivu," akasema. Baadaye akasema, "Na joto la leo ni joto gani hili?" Nikamjibu ni jua. Tulipiga majani kumi. Yalikaa juu ya mchoro wa chaki bila hata unywele wa tofauti, kushoto na kulia, vibarua wakayafunga, lori likasimama wima, na jioni Damiani akaondoka akipiga honi.

Alhamisi, saa sita kasoro, tulikuwa na jani la gari jingine motoni. Nilikuwa nikilitazama, damu ya mzee, nikasema "bado", na wingu likapita. Ni wingu tu, kitu kidogo. Karakana ikawa na giza lake la zamani, na ndani ya moto lile jani nililoliita damu ya mzee likawa chungwa, chungwa kali, kingo zake zinaelekea kuwa nyeupe na kuruka cheche. Nikapiga kelele. "Nini?" mzee akauliza. "Limebadilika rangi lenyewe, Mzee! Lilikuwa halijafika, sasa limepita!" Akainua uso. "Jua liko wapi?" akauliza. Nikamwambia limeingia winguni. "Nakuuliza, kabla ya wingu lilikuwa wapi?" Nikatazama juu kwenye lile pengo. "Humu ndani, Mzee. Bati limeng'oka. Tangu juzi." Aliweka koleo chini, akapapasa mpaka akaipata reli yake, akakaa juu yake. Chuma chenye moto, akanieleza taratibu, kinasomwa gizani. Mwanga wa jua unakizima machoni pa mtu, unaona hakijaiva kumbe kinaungua, na chuma kilichoungua kwa sura ni kizuri ila kinachukua mzigo siku tatu nne, halafu kinakatika bila kuonya. Ndiyo maana banda halikuwa na dirisha. Kwake lilikuwa jambo la wazi mno, hata hakuwahi kufikiri kwamba linahitaji kusemwa. "Jana tulipiga mangapi?" akauliza. Alijua mangapi. Nikamwambia kumi.

Ningependa kuandika kwamba tuliondoka saa ile ile kwenda Ruhembe. Simu za mkononi hazikuwepo, lakini magari ya kwenda huko yalikuwepo, na siku mbili zilikuwepo. Hatukwenda. Mzee alisema huenda chuma kimeshika, kwamba si yote yaliyoungua, kwamba Damiani si mtu wa mwendo kasi. Mimi nilijua kwamba akienda kumwambia Damiani, Damiani atauliza imekuwaje, na kuna jibu moja tu. Nilijua pia kwamba kosa nilikuwa nimelisoma kwa macho yangu mazima, na nikawa naomba kwa Mungu kwa maneno yote niliyofundishwa misheni, si kwamba watu wale wasalimike, naona haya kusema, ila kwamba isijulikane. Alhamisi ikapita. Ijumaa mzee alikwenda msikitini, akarudi, hakula. Nami nilikaa kwenye cherehani nikashona mshono mmoja na kuufumua mara tatu.

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, nikawasikia juu ya ukuta. Sikuwa nimekusudia kusikiliza, lakini sikutoka pia.

"Uliniambia ni watu wangapi?" Bi Tausi aliuliza.

"Thelathini. Na zaidi."

"Na watoto?"

"Arusi haikosi watoto."

Nikasikia kijiko kikigusa sufuria.

"Shabani, nimekuficha miaka miwili," akasema. "Nimeficha mpaka kwa ndugu zangu. Sikukuficha ili watu wafe."

"Nikisema, kesho nitakuwa nani, Tausi?"

"Utakuwa mume wangu asiyeona. Ndivyo ulivyo na leo."

Muda mrefu baadaye nilimsikia akilia, kilio cha mtu mzima asiyekizoea, na Bi Tausi hakumbembeleza kwa neno lolote. Nilijifunika khanga mpaka kichwani. Nilimpenda sana mwanamke yule wakati huo, na nilimwogopa.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla sijafungua cherehani, mzee alikuwa ameshavaa kanzu. "Twende njia panda," akaniambia. "Lori la Damiani likitokea upande wa Kidodi, njia ya Ruhembe, niambie." Tukasimama pale wanapouza vitumbua, yeye mbele, mimi nyuma yake. Kila lori lililokuja alikaza shingo. Nilisema silo, silo, silo, mpaka likaja, nikawasikia wanawake wakipiga vigelegele kabla sijaliona, na nikasema, "Ni lenyewe." Sikuwa nimedhani angefanya alichofanya. Aliingia katikati ya barabara, mikono juu, kanzu nyeupe, nami nikamng'ang'ania mgongoni nikimvuta. Matairi yalilia. Vigelegele vikakatika.

"Mzee Shabani! Unataka kufa?" Damiani alikuwa ameshuka kabla lori halijatulia.

"Teremsha watu, Damiani."

"Shikamoo kwanza, Mzee wangu. Kuna nini?"

"Marahaba. Teremsha watu. Springi zako ni mbovu."

"Mbovu? Si ulizipiga juzi tu? Mbona zimekaa kama za gari jipya!"

"Zimekaa. Makorongoni hazitakaa. Chuma kiliungua."

"Kiliunguaje? Wewe ni fundi wa leo?"

Hapo nikadakia. "Ni mimi, kaka Damiani. Nilizidisha mkaa." Nilikuwa nimelala na uongo huo usiku kucha, nikaona ni mzuri, maana ungemwokoa kila mtu. Mzee akanyoosha kiganja nyuma bila kugeuka, akanigusa bega. "Nyamaza, binti." Kisha akasema kwa sauti ambayo wa juu ya lori wote waliisikia: "Mimi sioni, Damiani. Sioni moto, sikuoni wewe, na hao watu uliowapakia siwaoni. Nyuso mwaka wa pili huu, moto tangu mwaka huu. Binti ndiye anayenisomea rangi, na sikumfundisha kwamba jua linadanganya. Kosa langu. Nimelijua tangu juzi, nikanyamaza. Hilo nalo ni langu."

Damiani akafanya kitu ambacho kiliniuma kuliko matusi yaliyofuata. Alipunga mkono mbele ya uso wa mzee, mara mbili, karibu kabisa na pua, na mzee akabaki vile vile, anatazama mbele kwa adabu. Kisha Damiani akalipuka. Alisema maneno ambayo sitayaandika, kuhusu miaka aliyopakia watu juu ya springi za kipofu, kuhusu mama yake mwenyewe aliyempakia Pasaka. Mzee aliyapokea yote. Nililia hadharani, na sikujali. Aliyemaliza yale ni shangazi wa bwana arusi, mwanamke mnene aliyeshushwa kwa shida kutoka juu, nguo ya satini imekunjamana. "Kashasema mwenyewe," akamwambia Damiani. "Ulitaka akuambie nani, daktari? Tengenezeni gari, arusi inangoja."

Lori likaingizwa, likawekwa kwenye magogo. Vibarua walipotoa jani la kwanza, mzee alilishika, akalilaza nusu hewani juu ya ncha ya reli, akampa Damiani nyundo. "Piga." Kwa pigo la tatu jani likakatika vipande viwili, na ndani palikuwa na chembe kubwa zinazong'aa, kama chumvi ya mawe. Damiani aliviokota vipande vile, akavitazama, akawatazama watu waliojazana kwenye kibaraza changu, watoto wamekalia vitambaa vyangu, na akaketi juu ya tairi la akiba. Halafu akainuka, akalikunjua turubali la lori, akapanda mwenyewe na utingo wake juu ya paa la karakana, kwenye lile pengo. "Semeni giza likitosha," akaita kutoka juu. Nikasema bado, upande wa kushoto. Akavuta. Nikasema bado kidogo. Akavuta tena, na giza likaja, na sijawahi kulifurahia giza vile. Majani yaliyoungua tukayatupa, tukachagua mengine kwenye rundo la springi kuukuu. Mlango tuliuacha wazi nusu, kwa kuwa hapakuwa na cha kufunga tena. Nje Bi Tausi alipika mchele wake wote wa mwezi, na maharage, na wa arusi walikula kwa zamu kwa kuwa sahani hazikutosha, na nilisikia shangazi akimuuliza amemfichaje mtu mzima miaka miwili, na Bi Tausi akijibu kwamba kazi kubwa ilikuwa ndoo.

Baada ya mwaka ule wateja walipungua, hilo yule mama wa msibani hakulisimulia. Madereva wa masafa walipita bila kupunguza mwendo. Wengine walirudi baada ya miezi, walisimama mlangoni wakitusikiliza, yeye akiuliza, mimi nikijibu, na waliporidhika wakarudi na wenzao. Nilikaa pale miaka minne, nikishona na kusoma chuma. Hadithi ya macho vidoleni ilianza hapo katikati, na mzee aliichukia. "Wanaona raha kusema naona," aliniambia siku moja akiwa na hasira kweli. "Kwani nilichosema barabarani hawakukisikia?"

Jumamosi ile lori lilikuwa tayari alasiri. Lilisimama sawa kushoto na kulia, watu wakapanda, wakapangana, na Damiani alikuwa tayari mguu mmoja ndani. Shangazi akawa bado yuko chini. "Mimi sipandi," akasema, "mpaka fundi apande. Kama ni nzima, tule naye pilau Kilangali." Hakusema kwa ukali, lakini hakuwa anatania, na watu wote juu wakangoja. Mzee Shabani alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana. Kati yake na lori palikuwa na hatua kama kumi na tano, magogo, jeki, vyuma vilivyotupwa, mtaro, vitu ambavyo siku hiyo havikuwa mahali pake. Nilimwona akiinua mguu, kisha akaurudisha. Na hapo, mbele ya barabara nzima, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele, kiganja wazi, akauacha hapo hewani. Sikuwahi kumwona akiomba mkono wa mtu. Mimi nilikuwa nimebeba koleo na nyundo, na kabla sijavitua chini Damiani alikuwa ameshateremka na kuvuka mtaro. Aliushika mkono ule.

"Hatua mbili, Mzee," akasema. "Hapo kuna gogo, inua mguu. Bado. Bado kidogo. Haya, shusha."